Paka Aliyekuja na Alizeti

Msimu wa kukamua alizeti ukifika, upande wetu wa Itigi hubadilika rangi. Upepo wa kipupwe huyachukua makapi na kuyatua popote unapotaka: juu ya mabati, kwenye nywele, ndani ya kikombe cha chai. Harufu ya mafuta ya moto huingia kwenye nguo na haitoki hata ukifua na kurudia. Mimi nashona kwenye kibanda kinachopakana ukuta na mashine ya kukamua, kwa hiyo miezi hiyo naishi kama mtu aliyemo ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Mngurumo unaanza asubuhi, sakafu inatetemeka kidogo, sindano inatetemeka, na mwanga unaoingia mlangoni una vumbi la njano ndani yake, kama chai ya maziwa iliyotiwa maji mengi.

Kushona nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa nafumua magauni ya zamani ya mama mdogo ili nione yameshikana vipi, halafu nayarudishia kabla hajajua. Sijawahi kukaa mbele ya fundi akaniambia hapa umepatia, hapa umekosea. Labda ndiyo maana siiamini kazi yangu hata siku moja. Nashona, nafumua, nashona tena. Sketi ya shule ambayo mwingine anaimaliza kabla ya chai, mimi jua linazama bado ninayo mapajani, na nikienda kulala naliona pindo lake gizani likiwa limepinda upande. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue ni mtu wa namna gani aliyefikiwa na yule paka. Mtu mwingine angempa dagaa akaendelea na maisha yake.

Alikuja na lori la magunia. Sikumwona akishuka. Nilimkuta mchana ndani ya boksi la vipande vya vitambaa chini ya cherehani yangu, amejikunja, rangi yake kama ya mashudu, yale mabaki ya alizeti yanayotoka mashineni mafuta yakishakamuliwa: kijivu chenye wekundu kwa mbali. Dume, si mkubwa sana. Shingoni alikuwa na ukanda wa kitenge cha bluu chenye vidoti vyeupe.

Nakiri kwamba niliuona ule ukanda kabla ya kumwona paka vizuri. Ulikuwa umepindwa pande zote mbili kwa mkono. Mishono midogo, imebanana, imefuatana kama siafu. Mtu alikaa chini akakata kitambaa, akakipinda kisifumuke nyuzi, ndipo akamfunga. Nikawaza, hakuna anayejisumbua hivi kwa paka asiye wake.

Tena huku kwetu kitambaa kilichofungwa kina maana yake. Wakulima wakileta alizeti kukamua, kila mmoja huyawekea alama magunia yake yasichanganyike na ya wenzake. Yupo anayepaka rangi, yupo anayeshona mdomo wa gunia kwa kamba ya nailoni nyekundu, yupo anayefunga kipande cha nguo. Ukikuta gunia lina kitambaa, huulizi kama lina mwenyewe. Unauliza mwenyewe yuko wapi. Basi nami nikamsoma paka kama ninavyosoma gunia.

Kaka anayeendesha mashine alichungulia mlangoni akijifuta mikono kwa tambara.

"Fundi, naona umepata mteja."

"Amepotea huyu. Ana kitambaa."

"Hajapotea. Amekuja umshonee kingine, hicho kimechakaa."

"Kaka, nakuuliza kweli. Mtu akiokota kitu chenye mwenyewe anafanyaje?"

Yule kaka ni mtu wa utani kuanzia asubuhi mpaka jioni, lakini pia ni mtu wa msikitini, na ukimuuliza jambo la namna hiyo uso wake hubadilika. Aliegemea mlango. Akasema kitu cha kuokota kinatangazwa kwanza, na kinatangazwa muda mrefu, hadharani, mahali watu wanapokusanyika. Mwenyewe akikosekana ndipo unaweza kukitumia, na hata hapo akija siku yoyote unampa.

"Hata paka?"

Akajikuna kichwa. "Mbuzi nimesikia. Paka, kusema ukweli, sijasikia. Ila sioni kwa nini isiwe hivyo hivyo."

Nikampelekea mama mdogo swali lilelile, nikimwomba Jumapili wakati wa matangazo kanisani aseme. Aliacha kupepeta mchele.

"Wewe mtoto. Watu wanatangaza ndoa pale, wanatangaza wagonjwa. Mimi nisimame na kitambaa changu kichwani niseme kuna paka?"

"Mwenyewe anaweza kuwepo."

"Mwenyewe akiwepo atajificha kwa aibu. Mpe ugali akae. Panya wamenimalizia karanga."

Kwa hiyo nikaamua kutangaza mwenyewe, pale mashineni, ambapo wakulima wa vijiji vyote wanapita. Hapa inabidi niseme ukweli wote. Nilisimama mlangoni kwangu, nikauliza, "Kuna aliyepotelewa na paka?" Niliuliza kila lori lilipoingia. Lakini niliuliza wakati mashine inanguruma. Mdomo wangu ulifunguka, maneno yakatoka, na mngurumo ukayachukua kama upepo unavyochukua makapi. Mzee mmoja alinipungia mkono akidhani namsalimia. Nami nikarudi kukaa, moyo umetulia, nikijiambia nimetangaza.

Maana tayari nilikuwa nimeshampenda. Kwenye msimu ule umeme ulikuwa unakatika mchana, na ukikatika mashine inanyamaza ghafla, na ukimya unaoingia ni mzito kuliko mngurumo wenyewe. Unasikia upepo ukipita kwenye matundu ya misumari. Unasikia treni ya mizigo ikija kutoka mbali sana, upande wa Manyoni, kabla hata mbwa hawajaisikia. Saa kama hizo paka alikuwa anafungua jicho moja, ananitazama, analifunga. Basi. Hakuwa anataka chochote. Mimi ambaye kila mtu anayeingia kwangu naona amekuja kukagua mishono, nilikuwa natazamwa na kiumbe kisichojua pindo limepinda au limenyooka. Mikono yangu ilikuwa inalegea. Kuna alasiri nilishona shati zima bila kufumua mahali, na nilipolimaliza sikukumbuka nililishona vipi, kama vile lilishonwa na mtu mwingine aliyekuwa usingizini.

Sikumpa jina. Niliona nikimpa jina nitakuwa nimeshamchukua. Nilimwita "wewe," na akaja.

Halafu yule mama akaja.

Nilimwona kwanza kwa magunia yake. Vijana walikuwa wanayashusha wakiyapanga ukutani, na kila gunia lilikuwa limefungwa mdomoni kitambaa cha bluu chenye vidoti vyeupe. Nilibaki nimeinua mguu juu ya pedali. Nikatamani mashine ingurume. Siku hiyo umeme haukuwepo.

Aliingia akiwa na gunia tupu begani, mama wa makamo, mrefu, khanga imekazwa kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Habari ya kazi? Gunia langu limechanika njiani. Huna shazia hapa nikalirudishie?"

Shazia ni ile sindano kubwa ya magunia, nami ninayo. Nikampa. Aliinama kuichukua na paka akatoa kichwa kwenye boksi. Wakatazamana. Paka alirudi nyuma taratibu mpaka akagusa ukuta, na yule mama akajinyoosha kama mtu aliyeguswa na pasi ya moto.

"Mama, huyu paka ni wako?"

"Si wangu."

"Kitambaa chake ni kama cha magunia yako."

"Vitenge vya hivi vimejaa sokoni, binti. Hata mke wa mwenyekiti anacho."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Nilikuwa nimeuliza, kwa sauti inayosikika, bila mngurumo wowote, na nimejibiwa. Lakini huo ndio ugonjwa wangu, siwezi kuacha uzi ukining'inia. Nikasema, "Pindo ni la mkono wako, mama. Hata hilo gauni ulilovaa, ukifika kwenye kona unaurudia mshono. Kwenye kitambaa cha paka umeurudia."

Alijitazama pindo la gauni, akatazama mikono yake, kisha akavuta kigoda akakaa. Alielekeza kamba kwenye tundu la shazia bila kuiingiza.

"Ni wa mama mkwe," akasema. "Ananimalizia vifaranga. Mimi kuku ndio shamba langu, binti. Watoto wanasoma kwa kuku. Kila wakitotolewa, huyu anapita nyuma ya jiko anachukua mmoja. Nikamwambia mama, paka wako mwizi. Akasema ni mwewe."

"Ukamleta huku."

"Kumuua siwezi. Ukiua paka nyumbani mwenzio akiugua tumbo tu, maneno yanaanzia kwako. Nikamtia kwenye gunia asione njia. Nikamwambia utingo wa lori, mkifika Itigi mfungulie."

Hilo la gunia kila mtu kwetu analijua. Paka akipelekwa mbali hafungwi kamba wala hashikwi mkononi. Anatiwa gizani, kwa sababu akiiona njia ataikumbuka na atarudi nayo, hata kama ni ya kuvuka vichaka vyote vile.

"Na kitambaa?" nikamuuliza.

"Nilimfunga ili watakaomwona wajue ana mwenyewe. Wasimpige mawe."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, macho kwenye shazia. Na mimi nikaelewa kwamba nilikuwa nimesoma kila kitu sawasawa na bado nilikuwa nimekosea. Kweli kuna mtu alikaa akapinda kile kitambaa kwa uangalifu. Alikuwa anamtupa.

"Mama mkwe anajua?"

"Nimemwambia amepotea." Hapo ndipo sauti yake ilipoteremka. "Kila jioni anatoka anamwita. Anazunguka boma lote na kibakuli mkononi, anaita, miguu yenyewe inamuuma. Majirani wananiuliza, mbona bibi anaita? Ndugu yangu, kuna siku natamani niingie mimi kwenye gunia." Akainuka, akatia kamba, akaziba tundu la gunia kwa mishono miwili ya haraka. "Kaa naye. Nimekupa. Huku ameshanenepa, hana shida."

Hapo ningepaswa kufurahi. Niliyekuwa namwogopa alikuja, na badala ya kuchukua akatoa. Kaka wa mashine nilipomweleza alifungua mikono yote miwili.

"Imekwisha. Umetangaza, mwenyewe amepatikana, amekupa. Unataka akuandikie?"

"Aliyenipa si mwenyewe. Mwenyewe ni yule anayeita."

"Yule anayeita hajui kama wewe upo."

"Ndiyo hivyo."

"Fundi," akasema taratibu, kama anaongea na mtu mwenye homa, "unajua sisi wengine tunalala usiku?"

Alikuwa na haki ya kunicheka. Lakini tangu siku ile alasiri zangu ziliharibika. Umeme ukikatika na ukimya ukiingia, badala ya treni nilikuwa nasikia mtu anaita. Sikumjua sura, kwa hiyo kila mara alikuwa na sura tofauti. Mara bibi yangu wa Kinampanda, mara mwanamke mfupi asiye na uso kabisa, kibakuli tu na sauti. Paka alifungua jicho lake moja, nikageuka pembeni. Nilianza tena kufumua. Nilifumua kola ya shati moja mpaka kitambaa kikachoka, nikalazimika kukata kingine.

Niliwaza kwa uzito kabisa kama kuna haki katika kumpa mtu kitu alichokilia, kama kukipata kwake ni kujua kwamba aliyekificha anakula naye chungu kimoja. Nilimrudisha paka mara nyingi sana kichwani. Katika kila safari ya kichwani bibi alimkumbatia paka akalia, halafu akanitazama mimi, akasema, mwanangu, wewe ndiye unayemfaa, rudi naye. Kila safari iliishia hapo. Nilikuwa natafuta njia ya kuwa mwema na kubaki na paka, vyote viwili, bila mshono kuonekana.

Yule mama aliporudi kuchukua madumu yake ya mafuta nilimwambia nitampeleka.

Hakupiga kelele. Aliweka dumu chini. "Binti, mimi nilikukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Ila ni wa bibi."

"Ukifika utasema nini?"

"Nitasema nilimkuta kwenye boksi langu. Ni kweli."

"Na gunia?"

"Sitalitaja. Lakini akiniuliza sitaweza kusema uongo. Nikisema uongo nitaugua."

Akanitazama, nadhani akipima kama mimi ni mwema au ni mgonjwa. "Basi omba asikuulize," akasema. "Lori linaondoka mashudu yakishapakiwa. Na ukae mbele na mimi. Sitaki ukaanguke huko nyuma nikabeba dhambi nyingine."

Mama mdogo alinipa tenga, lile la kusafirishia kuku, la fito. Kaka wa mashine akasema anayepeleka paka kwa tenga hajui kazi, achukue gunia. Nilikataa. Nilimweka paka ndani, nikafunga mdomo kwa kipande cha neti, nikalipakata tenga mapajani upande wa dirisha. Nilitaka aione njia. Sikujiuliza sana kwa nini nilitaka hivyo.

Ukitoka Itigi kuingia vichakani unaingia mahali ambapo macho hayana kazi. Si msitu wa miti mirefu. Ni vichaka vilivyoshikana, vya urefu wa mtu na nusu, kijivu na kahawia msimu ule wa ukame, vinaenda na kuenda, na barabara ni uzi mwekundu katikati. Mara moja moja mzinga wa nyuki kwenye mti. Mara moja moja mtu na baiskeli amesimama pembeni, mweupe kwa vumbi, haonekani anatoka wapi wala anaenda wapi. Mwanga ulikuwa unapita katikati ya fito za tenga na kuchora mistari juu ya paka, mistari inatembea, na yeye macho yamefunguka yote mawili, anatazama nje bila kulia. Dereva hakuwa na redio. Mashudu nyuma yalikuwa yananukia kama mkate ulioungua. Yule mama alisinzia, kichwa chake kikaja begani kwangu kikakaa. Nilisafiri hivyo, yeye begani, paka mapajani, mtu aliyemtupa na mtu anayemrudisha tumeegemeana kama mtu na mama yake, na kwa muda sikuwa na wasiwasi wowote. Nilitamani vichaka visiishe.

Viliisha. Pakawa na mashamba yaliyovunwa, mabua ya alizeti yamesimama bila vichwa, kisha boma, kisha kuku.

Kuku walikuwa wengi kweli. Nilielewa.

Bibi alikuwa amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe upande wa jua, anachambua mbegu. Mwembamba, kofia ya sufu kichwani, miguu ameinyoosha mbele. Waliongea kwanza Kinyaturu na mkwewe. Sisi ni Wanyiramba, Kinyaturu nakisikia kwa kuotea, lakini neno paka lilipita. Nikapiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu. Karibu. Hicho ulichobeba kinanitazama."

Nikatoa neti. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Leso yangu ilikuwa tayari mkononi, nakiri, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Paka alitoka, akajinyoosha mbele na nyuma, akampita bibi bila kumgusa, akaenda kulala kwenye kona ya ile ngozi, mahali ambapo manyoya ya ngozi yalikuwa yameshakwanguka kwa kulaliwa siku nyingi.

Bibi akamtazama. "Umenenepa," akamwambia. Kisha kwangu, "Ulikuwa unamlisha nini?"

"Dagaa, bibi. Na ugali."

"Dagaa." Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia ufujaji. "Ulimkuta wapi?"

"Itigi. Kwenye boksi langu la vitambaa. Mimi ni fundi cherehani."

Nilihisi yule mama nyuma yangu amesimama na dumu mkononi. Swali linalofuata ndilo lilikuwa lile. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima, maneno gani yatakuwa ya kweli na yasiumize.

Bibi hakuniuliza mimi. Alimtazama mkwewe juu ya kichwa changu.

"Na gunia langu liko wapi?"

"Gunia gani, mama?"

"Gunia langu la mahindi, lile zima, lisilo na tundu. Paka alipopotea na lenyewe likapotea, siku ileile. Nikasema haya, paka ana miguu. Gunia nalo lina miguu?"

Yule mama aliweka dumu chini taratibu sana.

"Ulijua, mama."

"Nilijua."

"Na ulikuwa unatoka kila jioni unamwita."

"Ulikuwa unasikia?"

"Boma zima lilikuwa linasikia."

"Ndiyo," bibi akasema akirudi kwenye mbegu zake. "Nilitaka usikie vizuri."

Nilibaki nimepiga goti katikati yao. Sauti iliyokuwa inaniita alasiri zangu zote, ile ya mtu mwenye kibakuli, haikuwa inamwita paka peke yake wala haikuwa inaniita mimi. Ilikuwa inazungumza na jikoni.

"Alikuwa anakula vifaranga, mama," yule mama akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda kweli. "Mimi nahesabu jioni, wamepungua. Asubuhi, wamepungua. Wewe unaniambia mwewe."

"Najua alikuwa anakula."

"Unajua?"

"Manyoya unadhani nani alikuwa anayafukia? Nilikuwa nachimba na jembe la mkono pale nyuma ya choo, na mgongo huu. Kama si gunia ningekusamehe mapema."

Yule mama aliingia jikoni. Tukasikia sufuria inawekwa kwa nguvu, kisha nyingine inawekwa kwa nguvu kidogo kuliko ile. Baadaye akatoa kichwa mlangoni. "Basi vifaranga wakae chini ya tenga mpaka waote mbawa. Na tenga atakayelifunika jioni na kulifunua asubuhi ni wewe, mama, si mimi."

"Nimekataa?" bibi akasema.

Tulikula ugali na mlenda, wote watatu, na hakuna aliyelitaja tena. Waliongea habari za mafuta, yametoka mengi au machache, nani kakamua wapi. Bibi alikuwa anadondosha kitonge pembeni ya ngozi bila kutazama, na paka anakiokota bila kutazama, kama watu waliozoeana mpaka hawasalimiani. Nilipokuwa nanawa ndipo bibi aliponigeukia.

"Mjukuu, ulikuwa unamtaka?"

Kichwani kwangu, katika safari zote zile, hili ndilo lilikuwa swali lenyewe.

"Ndiyo, bibi. Nilikuwa namtaka sana."

"Na umemleta."

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa. Akanitazama usoni kwa makini, kama ninavyotazama mshono wa mtu mwingine nikauona umenyooka. "Asante, mwanangu," akasema. "Mungu akuzidishie." Kisha akanyoosha mguu wake unaomuuma, akauweka chini ya tumbo la paka pale penye joto, akafumba macho.

Ilikuwa imeisha. Hakusema rudi naye. Nilisubiri kidogo, aibu iliyoje, nikijifanya natafuta kiatu changu. Nilikuwa nimetenda haki kama nilivyoweza, na nilidhani haki ukiitenda inakuachia kitu mkononi. Nilichokuwa nacho ni wivu tu, mzito kama jiwe, kwa mwanamke mzee mwenye miguu ya baridi.

Yule mama alinisindikiza mpaka kwenye lori lililokuwa linarudi na mizigo mingine. Alikuwa amelibeba tenga langu, na alipoliinua kunipa dirishani likapiga kelele. Ndani kulikuwa na kuku jike, mweusi mwenye madoa, miguu imefungwa.

"Mama, siwezi kupokea."

"Utapokea. Ni mtagaji." Aliegemea mlango wa lori. Nilidhani atanilaumu au atanishukuru. Akasema, "Ile kona ya pindo. Unaurudia mshono kwa ndani au kwa nje?"

"Kwa ndani."

"Mimi narudia kwa nje. Ndiyo maana umeuona," akasema, akapiga bati la lori kwa kiganja, dereva akaondoa gari.

Mama mdogo alilifungua tenga nyumbani akakaa muda akilitazama. "Umepeleka paka umerudi na kuku," akasema. "Kesho mpeleke kuku, tuone utarudi na nini." Kaka wa mashine yeye alitaka tu kujua kama kuku naye atatangazwa. Nilicheka nao. Nililitoa lile boksi la vitambaa nikalikung'uta nje, na manyoya yakapaa na makapi ya alizeti, rangi moja, sikuweza kuyatofautisha.

Msimu ukiwa unaelekea mwisho yule mama alileta magunia yake ya mwisho. Vidoti vyeupe ukutani, safari hii nikaviona nikatoka mwenyewe kumpokea. Nilimuuliza habari za bibi, nikamuuliza habari za kuku. Sikuuliza ile nyingine. Akaniambia bila kuulizwa, akiwa amekaa kwenye kigoda anasubiri zamu yake.

"Alikula kifaranga mmoja juzi. Mama alisahau kufunika. Nilitoka na ndoo yangu nikamkuta amechuchumaa nyuma ya choo, jembe mkononi, anachimba."

"Ukafanyaje?"

"Nikapita. Nikajifanya naangalia mawingu."

Tukacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Halafu mashine ikawaka, sakafu ikaanza kutetemeka, tukashindwa kusikilizana. Aliinuka kwenda kwenye magunia yake. Nilirudi kwenye cherehani, nikavuta sketi niliyokuwa nashona, na kwa kuwa hakuna ambaye angesikia kwa mngurumo ule, nilisema kwa sauti kamili kwamba bado namtaka.